Bakshishi Si Mshahara

Kuna video za aina mbili ambazo simu yangu hunirushia kila wiki. Ya kwanza ni abiria wa meli ya kitalii akifundisha wenzake namna ya kufuta bakshishi kwenye bili. Ya pili ni kijana wa kwetu, yunifomu nyeupe, bahari nyuma yake, akituhakikishia kuwa mshahara wa meli ni kidogo lakini tipu ni doo safi. Hawa wawili wanaongea juu ya pesa ile ile. Na anayewacheka wote wawili ni mwenye meli.

Tupige hesabu kwanza. Meli kubwa zinazozungusha Wamarekani kule Karibi hutoza kila abiria takriban dola 16 hadi 20 kwa siku, juu ya nauli. Majina ni mengi: hapa bakshishi, pale ada ya huduma. Familia ya watu wanne, siku saba, kwa dola 18: hiyo ni dola 504. Ukiagiza bia unaongezewa asilimia 18 au 20 kwenye bei ya bia. Pesa ya kila siku huingia kwenye kapu moja, kisha wanagawiwa wanaotandika vitanda, wanaohudumu mezani na, katika kampuni nyingi, hata wa nyuma ya pazia ambao abiria hawaoni sura zao.

Sasa, ukitozwa pesa kwa kiwango ambacho hukukipanga, na inaingia kwenye bili kabla hata hujahudumiwa, hiyo ni bakshishi ya wapi? Bakshishi hutoka kwa hiari yako. Hii ni bei tu. Ila ni bei yenye ujanja, kwa sababu katika kampuni nyingi ukienda mapokezi ukalalamika wataipunguza au waiondoe kabisa. Jaribu kuwaambia wakuondolee mafuta ya meli, au ada ya bandari. Watakucheka. Katika gharama zote za kuendesha safari ile, ambayo imeachiwa roho ya abiria ni malipo ya mtu aliyemwoshea choo.

Faida yake kwa kampuni ni wazi. Nauli kwenye tangazo inaonekana rahisi. Abiria akikunja uso, anamkunjia mhudumu. Na biashara ikiyumba, anayeyumba wa kwanza ni mfanyakazi. Tuliliona hili mwaka wa 2020. Korona ilipofunga bandari, abiria walirudishwa makwao lakini maelfu ya wafanyakazi walikwama melini kwa miezi, wengi wao bila malipo. Hakuna abiria, hakuna bakshishi. Mtu anayetegemea kapu hana la kudai kapu likikauka.

Utauliza, sheria ya Marekani iko wapi? Makao ya Royal Caribbean yako Miami, lakini kampuni imesajiliwa Liberia na meli zake nyingi hupeperusha bendera ya Bahamas. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya Marekani haimhusu baharia aliye kwenye meli isiyo ya Kimarekani. Kinachobaki ni sheria ya nchi ya bendera na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2014. Mkataba huo ni mzuri kuliko kukosa kabisa, lakini unaruhusu meli kutumia kipimo cha saa 77 za mapumziko kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa mwenyewe uone zinazobaki ni ngapi.

Mchezo huu una historia. Baada ya utumwa kukomeshwa Marekani, kampuni ya treni za Pullman iliajiri wanaume Weusi, wengi wao watumwa walioachiwa huru, wahudumie mabehewa ya kulala. Iliwalipa kidogo ikiwaachia abiria wajazie. Yaani tabasamu likawa sehemu ya kazi, na mwajiri hakulilipia. Mwaka wa 1925 walianzisha chama wakiongozwa na A. Philip Randolph, na ikawachukua hadi 1937 kupata mkataba na kampuni. Walikuwa wanataka mshahara wa kueleweka na saa za kazi zinazojulikana. Karibu miaka mia moja baadaye, mhudumu wa meli bado anauliza swali lile lile.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu hata nyumbani kwetu nimepewa. Binamu yangu ameezeka nyumba kwa pesa za meli, na siku nikilalamika mezani, shangazi huniuliza mimi nimeezeka nini. Haki yake. Lakini kusema kazi ya meli inalipa kuliko vibarua vya hapa ni kutuambia vibarua vya hapa ni vibaya kiasi gani. Haituambii kama kampuni inamlipa binamu anachostahili.

Na isisemwe ati haiwezekani. P&O Cruises ya Uingereza iliondoa ada hiyo ya kila siku mwaka wa 2019 ikaiingiza kwenye nauli. Marella nao huuza safari bakshishi ikiwa ndani. Meli zao zinaelea vizuri tu.

Hata sheria yetu ya VAT ya 2013 inaijua tofauti hii. Ada ya huduma inayochukua nafasi ya bakshishi haihesabiwi kwenye kodi ikiwa tu yote inawafikia wafanyakazi na haizidi asilimia 10. Kwa hivyo siku nyingine ukiiona kwenye risiti pale Westlands au Nyali, muulize meneja, si weita, inaenda kwa nani.

Ukiwa abiria, usiifute. Hutakuwa umeiadhibu kampuni, utakuwa umemkata mtu mshahara. Lipa, halafu iandikie kampuni ukitaka pesa hiyo iingizwe kwenye nauli, isiwe kitu cha kufutwa mapokezini.

Na wewe unayesaka kazi ya meli, mkataba ule ule wa 2006 unakataza kukutoza ada ya kutafutiwa kazi. Pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari unaweza kujilipia. Ajenti akidai pesa ya kukupeleka melini, ondoka. Akikuonyesha mkataba, usimwulize tipu ni ngapi. Mwulize hivi: abiria wote wakiifuta, nitalipwa kiasi gani, na hiyo imeandikwa ukurasa upi?