Setilaiti Haioni Mizani

Shamba la kahawa lililo juu kidogo ya mji wa Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, liko takriban nyuzi 3.3 kusini mwa ikweta na nyuzi 37.3 mashariki. Karani akisahau kuweka alama ya kutoa mbele ya 3.3, shamba linahamia kaskazini mwa Kenya, karibu na jangwa la Chalbi. Akizigeuza namba hizo mbili, ya kwanza ikawa ya pili, linatua Granada, kusini mwa Uhispania. Mwenye shamba hana habari. Kahawa yake imeshakobolewa na kuchanganywa na ya wenzake, na mzigo mzima unaweza kukwama bandarini Ulaya kwa sababu ya alama moja.

Kwa makosa ya namna hii, naunga mkono programu za kompyuta bila kusita. Programu iliyotengenezwa vizuri inalikamata kosa hilo papo hapo, karani akiwa bado shambani, na kumwambia arudie kupima. Daftari la karatasi halina uwezo huo.

Namba zenyewe zinadaiwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu. Inahusu kahawa, kakao, mpira, soya, mawese, mbao na ng'ombe. Bidhaa iliyotoka kwenye ardhi ambayo msitu wake ulifyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020 haiingii katika soko la Umoja huo. Mwagizaji anatakiwa kutoa tamko, na ndani yake aoneshe mahali lilipo kila shamba lililochangia mzigo. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kuwekewa nukta moja. Lililo kubwa zaidi huchorewa mipaka yake yote. Kampuni inayokiuka inaweza kutozwa faini ambayo kiwango chake cha juu si chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Umoja.

Sehemu kubwa mno ya kahawa ya Tanzania hutoka kwa wakulima wadogo. Kontena moja hubeba takriban tani 19 za kahawa. Tukichukulia kwamba kila mkulima ameleta kilo 100, ndani ya kontena hilo kuna mashamba 190, na lote linahesabika kuwa chafu ikiwa shamba moja limekiuka na kahawa yake haiwezi kutenganishwa. Hesabu ya namna hii ndiyo iliyofungua soko la programu, na kampuni zinazoziuza sasa zinabisha hodi kwenye vyama vya ushirika.

Hata wenye kanuni hawakuwa tayari. Ilikuwa ianze kutumika 30 Desemba 2024, ikasogezwa mwaka mmoja, kisha ikasogezwa tena: 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na 30 Juni 2027 kwa ndogo. Septemba 2025 Tume ya Ulaya ilieleza kwamba mfumo wake wenyewe wa kompyuta ungeweza kuzidiwa na wingi wa matamko. Ikiwa Brussels iliomba muda zaidi kwa sababu ya mitambo, si haki kukiita kizembe chama cha msingi cha ushirika kule Karagwe, mkoani Kagera, kilichochelewa kupima mashamba ya wanachama wake.

Wanaouza programu hizi hutanguliza picha za setilaiti. Picha hizo ni za thamani, ila zina udhaifu unaowagusa wakulima wetu moja kwa moja. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, ni mchanganyiko: mringaringa na mfuruanje juu, migomba katikati, kahawa chini yake, na magimbi chini kabisa. Ukikitazama kutoka angani unaona kijani kilichofumana, kama msitu. Kisheria si msitu, kwa sababu kanuni yenyewe inaitoa ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo, pamoja na kilimo mseto cha miti na mazao. Lakini ramani ya msitu ya mwaka 2020 iliyotengenezwa na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya huisoma ardhi kwa vipande vya mita 10, na kipande cha mita 10 hakisemi kama mti uliomo ulipandwa na babu ili kuipa kahawa kivuli. Ndiyo maana mkulima mwenye kihamba cha miaka mingi anaweza kuwekewa alama ya hatari, huku mwenye shamba tupu lisilo na mti hata mmoja akipita bila swali. Anayetunza miti ndiye anayetiliwa shaka. Hilo linaniuma.

Kuna ugumu mwingine papo hapo chini ya migomba. Kanuni inataka namba za mahali ziwe na tarakimu sita baada ya nukta ya desimali, yaani usahihi wa takriban sentimita 11. Simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa hata mahali peupe, na chini ya majani mapana hukosea zaidi. Tarakimu zinaandikwa zote sita kwa sababu programu inazidai, na asomaye kule Ulaya anadhani zote ni kweli.

Lakini hayo yanarekebishika. Jambo zito zaidi ni kwamba setilaiti inaangalia shamba, wala haiangalii kahawa. Inaweza kuthibitisha kwamba mahali fulani miti haikufyekwa. Haiwezi kuthibitisha kwamba gunia lililo ghalani limetoka mahali hapo. Kiungo kati ya gunia na shamba ni mizani ya chama cha msingi na kalamu ya karani anayepokea.

Watu wa Kagera wanalielewa hili. Huko kuna butura, yaani mkulima mwenye shida kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Kuna pia kahawa inayovushwa kwa magendo kwenda Uganda. Kahawa ya butura ikifika mizani, inaandikwa kwa jina la nani? Iliyovuka mpaka usiku inapewa nukta ya shamba lipi? Mnunuzi asiye mwaminifu anahitaji tu orodha ya nukta safi, na kahawa yoyote atakayoipata ataibandika humo. Programu peke yake haizuii udanganyifu: mwaka 2015 ilibainika kwamba Volkswagen ilifunga katika magari ya dizeli programu inayotambua gari linapopimwa na kubana moshi kwa wakati huo tu. Magari yapatayo milioni 11 duniani yaliguswa. Programu ilifanya kilekile ilichoagizwa.

Kwa hiyo fedha za kazi hii zianzie kwenye mizani. Mizani ya kidijitali inayotuma kilo moja kwa moja kwenye rekodi ya mkulima, stakabadhi anayoondoka nayo mkononi, na karani anayelipwa vizuri na kwa wakati. Kisha programu ifanye ulinganisho ulio rahisi sana kwake: shamba la robo hekta likidaiwa kutoa tani nzima ya kahawa safi, liulizwe. Na kihamba kikiwekewa alama ya hatari, afisa ugani aende akakione, apige picha, na neno lake liwe na nguvu ya kuifuta alama hiyo. Mfumo usio na njia ya mkulima kukata rufaa usisainiwe.

Halafu kuna suala la ramani ni ya nani. Mara nyingi anayelipia upimaji ni mnunuzi, na nukta zinabaki kwenye kompyuta zake. Msimu ujao chama kikitaka kumuuzia mwingine mwenye bei nzuri, hakina ramani ya mashamba ya wanachama wake. Kinaanza upya, au kinabaki kwa yuleyule. Jina la mkulima likiunganishwa na mahali lilipo shamba lake ni taarifa binafsi, na Tanzania ina sheria ya kuzilinda tangu mwaka 2022. Bodi ya Kahawa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ziweke sharti moja kabla ya mkataba wowote wa programu: nakala kamili ya data, katika muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma, ikabidhiwe chama cha msingi siku upimaji unapomalizika, na mkulima apewe karatasi yenye nukta ya shamba lake.

Kaskazini mwa Tanzania kahawa huchumwa zaidi kati ya Julai na Desemba. Itakayochumwa msimu wa 2026 na kuchelewa ghalani au baharini itaikuta kanuni mlangoni. Chama ambacho nukta zake ziko kwa mtu mwingine kizidai sasa, kwa maandishi, kabla gunia la kwanza halijapanda mizani.