Mwenye Duka Arudishiwe Jina Lake

Neno bepari halikuzaliwa likiwa tusi. Lilivuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na nguo na bizari, na huko lilikotoka maana yake ni mtu afanyaye biashara, wala hakuna zaidi. Lilipofika mwambao lilikaa kwa heshima jirani na neno duka, ambalo nalo lina ndugu zake katika Kiajemi, Kiarabu na Kihindi. Kisha zikaja siasa za miaka ya 1960. Bepari akachorwa na kitambi na sigara nene, na mtoto aliyesoma baada ya Azimio la Arusha la 1967 akakua akiamini kwamba neno hilo halijapata kuwa na maana nyingine ila mnyonyaji.

Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, mfanyabiashara mmoja aliyetajwa katika anwani ya Kiingereza aligeuka kuwa kundi zima: Mabepari wa Venisi. Hapana mpenzi wa ushairi asiyeiheshimu kazi ile, kwani Mwalimu aliifungulia lugha ya Kiswahili mlango ambao wengi walidhani hauna ufunguo. Walakini anwani ile imefanya zaidi ya kufasiri, imekata hukumu. Antonio mwenye kupakia shehena merikebuni na Shylock mwenye kukopesha kwa riba wametiwa gunia moja kabla pazia halijafunguliwa.

Hukumu hiyo imeielemea fasihi ya Kiswahili, ya bara na ya visiwani, kwa zaidi ya nusu karne. Mkulima amepata mashairi yake, kuli amepata riwaya yake, mwanamke aliyeonewa amepata watetezi. Hata laghai amependwa: Pwagu na Pwaguzi walichekesha nchi nzima kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam. Nchini Kenya mahakama nayo ikapata kichekesho chake katika Vioja Mahakamani. Mwenye duka ameachwa nyuma ya kaunta yake. Akitokea, hutokea akiwa mlanguzi afichaye sukari, au mzee wa kukimbiwa, mfano wa Bwana Raza ambaye Yasmini anamtoroka katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999). Riwaya ile ni miongoni mwa zilizo bora kabisa, na Yasmini ana haki ya kuondoka. Lililo la kuulizwa ni kwa nini imekuwa nadra mno mwandishi kubaki dukani baada ya Yasmini kwenda zake, akamsikiliza mzee anasema nini peke yake usiku anapohesabu fedha.

Waingereza walibaki dukani. Mwaka 1973 BBC ilionyesha igizo la majaribio lililoandikwa na Roy Clarke, na kuanzia 1976 likawa mfululizo ulioitwa Open All Hours, uliokwenda kwa misimu minne hadi 1985. Anwani hiyo yaweza kufasiriwa Wazi Saa Zote, japo sikio la Kiswahili huenda likapenda zaidi Duka Halifungwi. Humo hamna vita wala mauti. Arkwright, aliyeigizwa na Ronnie Barker, ni mwenye duka la pembeni mwa mtaa, mwenye kigugumizi na mkono wa birika. Mpwa wake Granville, aliyeigizwa na David Jason, hupeleka bidhaa kwa wateja kwa baiskeli huku akiota maisha mengine. Ng'ambo ya barabara anakaa Gladys Emmanuel, muuguzi ambaye Arkwright anamtaka asichoke na kumkosa asikome. Sanduku la fedha la dukani lina meno ya mamba: hujifunga ghafla, na mwenyewe huliogopea vidole vyake. Jioni, mzee anapoingiza ndani bidhaa zilizoshinda nje, hujisemesha nafsini juu ya siku iliyopita. Hayo ndiyo yote, na taifa zima limeyakumbuka. Mwaka 2013 mchezo huo ulirudi kwa jina lililofanana na la kwanza, Granville akiwa sasa ndiye mwenye duka, ukaendelea hadi 2019.

Sasa msomaji na autazame mwaka 1976 kwa upande wa huku. Ndio mwaka wa Operesheni Maduka, pale maduka ya watu binafsi vijijini Tanzania yalipoamriwa kufungwa ili nafasi yao ishikwe na maduka ya ushirika. Mwingereza alipokuwa akiketi sebuleni kumtazama Arkwright, mwenzake Arkwright wa vijiji vya Tanzania alikuwa akitiliwa kufuli. Operesheni ile haikudumu, kwani maduka ya ushirika hayakuweza kuliziba pengo. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wafanyabiashara wengi wakatiwa kizuizini, na wengine wakazitupa mali zao kwa hofu ya kukutwa nazo. Bara haikuwa hata na televisheni ya kumwonyesha mwenye duka kwa sura nyingine, maana ilianza huko mwaka 1994.

Watatokea wa kusema kwamba mwenye duka alikuwa mnyonyaji kweli, kwamba mzani wake uliegemea upande wake na sukari yake ililala chini ya uvungu ikingoja bei ipande. Hakuna haja ya kubisha. Wapo waliofanya hivyo, na wapo wafanyao hivyo leo. Lakini kosa la mtu halijapata kuwa sababu ya fasihi kumnyima sura. Arkwright ni bahili kupindukia, naye hutumia hila juu ya hila ili mteja aliyekuja kutafuta kitu kimoja aondoke na vitatu asivyovihitaji. Roy Clarke hakumtakasa. Alimpa ubahili, akampa na upweke, akamwacha apendeze na achukize katika pumzi moja. Mtazamaji humjua mtu mzima, na kwa kumjua hujua zaidi hila zake kuliko ambavyo angejua kwa kusomewa hotuba juu ya unyonyaji.

Upo pia upande wa pili wa kosa, nao ni wa wachekeshaji. Pale ambapo mwenye duka amepandishwa jukwaani, mara nyingi kilichochekwa ni lafudhi yake: Mhindi asemaye Kiswahili cha kukatakata, Mmanga akokotaye herufi za kooni. Haya ni mavuno ya shamba la kando ya njia, kila apitaye huyachuma. Mchezo wa Uingereza nao haukusalimika na doa hilo, maana kigugumizi cha Arkwright kilitumiwa kuchekesha kwa namna ambayo wengi leo wataiona haifai. Mfasiri mvivu angeanza na hicho kigugumizi, kwa kuwa hufasirika bila jasho. Mfasiri wa kweli angetoka jasho mahali pengine: jinsi gani mjomba anaweza kumnyonya mpwa na kumpenda kwa neno lilelile moja.

Mwandishi wa Kiswahili atafutaye jukwaa la kazi kama hiyo asitazame mbali kuliko Isaka, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Picha za nje za mchezo wa Arkwright zilipigwa Balby, kitongoji cha Doncaster, mji wa Kaskazini mwa Uingereza uliokuzwa na reli na makaa ya mawe. Isaka nayo ni mji wa reli, katika ukanda wa dhahabu. Njia ya treni kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na Isaka ilikuwa stesheni tu ya njiani. Baadaye ikajengwa bandari kavu, mahali ambapo shehena zitokazo Dar es Salaam kwa treni huhamishiwa katika malori yaendayo Rwanda na Burundi. Palipo na malori yanayongoja shehena pana madereva wanaongoja, na palipo na madereva wanaongoja, duka halilali. Kwenye dirisha moja lenye nondo hukutana Msukuma na Mnyamwezi, Mnyarwanda na Mrundi, na wote hupatana bei kwa Kiswahili. Mwenye duka wa mahali kama hapo humkopesha dereva asiyejua atarudi lini, na humnyima jirani amjuaye vizuri mno. Tamthilia nzima imo katika mikopo hiyo miwili.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba hayo ni ya wengine. Jijini Dar es Salaam duka la mtaa huitwa kwa Mpemba au kwa Mangi, hata kama mwenyewe hakuzaliwa Pemba wala Kilimanjaro. Jina la kisiwa kizima limekuwa jina la kaunta, na watunzi wa kisiwa hicho, hodari wa kuimba karafuu na bahari, hawajampa mwenye kaunta haki yake. Wala duka la Afrika Mashariki halikukomea Afrika Mashariki. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, maelfu yao walipokewa Uingereza, na wengi wakafungua maduka ya pembeni mwa mtaa kama lile la Arkwright, wakawa ndio wanaofunga mwisho na kufungua mwanzo. Duka lilihama kutoka Kampala hadi Leicester, na hadithi yake huko imesimuliwa zaidi kwa Kiingereza kuliko ilivyosimuliwa kwa lugha ya mwambao uliolipokea kwanza.

Wapenzi wa ushairi wakisema kwamba duka si mahali pa sanaa, na wasome ukutani. Kukopa harusi, kulipa matanga: hesabu mizani, sita kwa sita, na sherehe mbili za Waswahili zimekutanishwa katika mshororo mmoja, ya furaha na ya msiba. Mali bila daftari hupotea bila habari: mizani yake imetetereka kidogo, lakini kina cha ri kimekaa pande zote mbili, na mtunzi wake hajulikani. Watu wanaoandika hivyo juu ya deni hawakosi ushairi. Walichokosa ni mshairi wa kupita upande wa ndani wa kaunta, akaliona daftari lenyewe, lenye majina ya waliolipa yaliyopigwa mstari na majina ya waliohama bila kuaga.

Tena wakati haungoji. Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuumaliza mwaka 2021. Mwaka huohuo wa 2021 uliwekwa jiwe la msingi la reli mpya ya kisasa baina ya Mwanza na Isaka, kilomita 341. Treni ya kasi haina desturi ya kuwangoja wasafiri wanunue sabuni. Doncaster iliishuhudia migodi yake ya makaa ya mawe ikifungwa mmoja baada ya mwingine, lakini atakaye kujua duka la pembeni lilinukia nini na lilichekea nini, anacho cha kutazama. Mjukuu wa Isaka atatazama nini? Taarifa za tani zilizopakuliwa atazipata kwa urahisi. Sauti ya bibi akiomba robo ya sukari kwa ahadi ya Ijumaa, na ya mwenye duka akikataa huku mkono wake tayari umeshashika kipimo, hizo hazimo katika taarifa yoyote.

Kwa hiyo wafasiri waache kudhani kwamba kazi yao ni wafalme wa Shakespeare peke yao. Watunzi wa michezo ya redio na televisheni waache lafudhi, washike daftari. Washairi waliomlaani mlanguzi kwa beti mia wamtungie mwenye duka angalau kumi, za lawama wakitaka, mradi ziwe za mtu mwenye jina, mpwa na usingizi wa kukatizwa. Nao watunga kamusi, wafikapo kwenye herufi ya B, wasisahau kuandika kwanza maana ile ya kale: bepari, mtu afanyaye biashara.