Waya umepita mlangoni

Katika miji mingi siku hizi kumezuka namna mpya ya kungoja. Baba wa jamaa huandikisha jina lake ofisini ili aletewe intaneti nyumbani, hulipa fedha, hupewa risiti, kisha huambiwa: «Juma lijalo». Juma lijalo hufika, na jibu ni lile lile.

Nasi tumo katika hesabu hiyo. Tangu tulipe, mwezi wa tatu umekwisha. Waya wenyewe twauona kila siku, umepita juu ya njia na kuingia kwa jirani. Watoto hutuuliza: «Ikiwa waya uko pale, mbona haufiki kwetu?» Ulizo hilo ni la haki, na twataka kulijibu kadiri tulivyoelezwa na mafundi.

Ndani ya waya ule mweusi mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, ambao mafundi huuita faiba. Hupitisha mwanga, nao mwanga hubeba maneno na picha. Lakini uzi mmoja haupewi nyumba moja tu. Unapokaribia nyumba za watu mwanga wake hugawanywa katika visanduku, mara nyingi kwa nyumba 32, na kila nyumba yahitaji tundu lake katika kisanduku cha nguzoni. Matundu yakiisha, mtu wa pili yake hangoji waya tena. Angoja kisanduku kingine, na gari la kukileta, na fundi mwenye chombo cha kuunga kioo kwa moto wa umeme. Ndiyo sababu jirani ana intaneti nasi hatuna.

Tena mwaweza kuuliza: nyumba 32 zatumiaje uzi mmoja bila kugongana? Zapewa zamu. Mashine iliyo mwanzo wa uzi huiambia nyumba hii ipeleke maneno yake, kisha ile, kisha nyingine; na zamu hizo hupangwa upya mara 8,000 katika kila sekunde. Hakuna anayeona ya kuwa amengoja. Akili hii ya kuwagawia watu wengi wakati wa chombo kimoja si ya jana. Ilikomaa katika vyuo vikuu, katika miaka ya 1960, na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu yafaa waijue habari yake.

Zamani zile chuo kikuu kilichokuwa na kompyuta kilijihesabu kuwa tajiri. Ilijaza chumba kizima, na mwanafunzi hakuigusa. Aliitoboa kazi yake katika kadi za karatasi ngumu, mstari mmoja kadi moja, kila kadi yenye nafasi 80 za herufi. Alilifunga bunda lake, akalipeleka dirishani kwa karani, akarudi kesho yake. Mara nyingi alipewa karatasi yenye habari moja tu: pana kosa. Pengine ni koma iliyosahauliwa! Alitoboa kadi nyingine, akapanga mstari tena, siku ya pili ikapita. Na yule aliyeliangusha bunda lake ngazini, heri yake kama alikuwa amezipiga kadi namba.

Thomas Kurtz, mwalimu wa hesabu katika chuo cha Dartmouth, Marekani, aliionja taabu hiyo kuliko wengi. Katika miaka ya 1950 chuo chake hakikuwa na kompyuta hata moja mpaka mwaka 1959. Basi kila majuma mawili hivi alipanda treni na sanduku lake la kadi, akaenda hata chuo cha MIT, karibu na Boston, safari ya kilomita zaidi ya 200. Kazi moja aliiandika kwa lugha ngumu ya mashine. Miezi ikapita, kiasi cha saa nzima ya kompyuta ikatumika bure. Alipoiandika upya kwa lugha nyepesi zaidi iitwayo FORTRAN, jibu lilitoka katika dakika tano.

Mwenzake alikuwa John Kemeny, mzaliwa wa Budapest. Wawili hao walikata shauri ya kuwa mwanafunzi asiende kwa kompyuta, bali kompyuta imfikie mwanafunzi kwa waya. Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi ya alfajiri, kazi mbili zilipelekwa pamoja kutoka mashine mbili za kuandikia, na zote mbili zikapata jibu sahihi. Kompyuta iliipa kila mashine kipande kidogo cha wakati, kisha ikageukia nyingine. Wakatunga na lugha ya BASIC, yenye maneno machache ambayo hata mwanafunzi wa lugha na historia aliweza kuyajifunza. Kemeny alitaka kompyuta iwe kama maktaba yenye rafu wazi: kila mwanafunzi aingie bila kuomba ruhusa wala kulipa. Baadaye shule za sekondari nazo ziliunganishwa kwa waya za simu.

Tusidhani mambo yale yalikwenda mbio. Mashine iliandika herufi 10 kwa sekunde. Ukurasa wa herufi 2,000 ulichukua dakika zaidi ya tatu, kwa makelele mengi. Lakini mwanafunzi aliyekosa alilijua kosa lake papo hapo, akalisahihisha.

Wako wazee wanaozisifu kadi. Husema: «Sisi tulifikiri kwanza, ndipo tukatoboa». Pana ukweli kidogo. Ila twaona ya kuwa Kurtz, aliyefariki mwaka 2024, alijua sana kungoja, wala hakukusifu. Alifanya kazi ya kukuondoa. Tena mwanafunzi wa kadi aliliona bunda lake mezani na mabunda yaliyolitangulia. Sisi hatuonyeshwi kitu. Binti yetu aliye chuo kikuu hupeleka kazi zake jioni akikaa penye ukuta wa jirani, mama yake akichungulia giza linavyoingia. Na fedha za vifurushi vya simu hutoka katika fedha za unga. Mtu akiambiwa miezi minne, atajipanga kwa miezi minne. Akiambiwa «juma lijalo» mara kumi na mbili, atajipanga namna gani?

Basi anayekusudia kulipa mwezi huu na aulize kwanza, kabla ya kutoa fedha: kisanduku chetu kiko nguzo gani, kina matundu mangapi wazi, na jina langu ni la ngapi. Majibu na yaandikwe nyuma ya risiti, pamoja na tarehe na sahihi ya karani. Tena fundi na aje kuupima mwanga katika tundu lenyewe. Kipimo hicho ni kazi ya dakika chache.