Sheria ya Tabianchi Tunayo, Sasa Tudai Hesabu

Katika mizani ya dunia Kenya ni nchi ndogo. Kwa hesabu za serikali yenyewe, gesi tunazotoa hazifikii asilimia 0.1 ya zile zinazoongeza joto ulimwenguni. Kosa ni la wengine, adhabu ni yetu sote. Mwaka wa 2024 mafuriko ya masika yaliua zaidi ya watu 200 nchini, wakiwemo waliosombwa na maji huko Mai Mahiu tarehe 29 Aprili. Je, tumejitayarisha kwa yajayo?

Ugenini tunasifiwa. Mnamo Septemba 2023 Nairobi iliandaa mkutano wa kwanza wa viongozi wa Afrika kuhusu tabianchi, na Azimio la Nairobi likatangazwa. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Utayari wa taifa tuupime Itumbe, wala si katika kumbi za mikutano.

Hapa Itumbe, kama kwingineko Kisii na Nyamira, watu huishi kwa chai, ndizi na mahindi katika vishamba vidogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 958 katika kila kilomita ya mraba ya Kaunti ya Kisii. Mvua ya mawe ikiyapasua majani chai, mkulima hana cha kupeleka kituoni hadi machipukizi yarudi. Kiangazi kikirefuka, hali ni ile ile. Mwenye robo ekari hana akiba ya kungojea msimu mwingine.

Tutazame pia chemchemi zetu. Mwaka wa 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Hadi leo miti hiyo ingalipo mabondeni, ikinywa maji ambayo akina mama huyafuata kwa mitungi. Hatutaki mkulima abebe lawama hii peke yake. Mkaratusi hukua upesi, hutoa nguzo na mbao, na viwanda vya chai hukausha majani kwa kuni. Kwa jamaa nyingi mti huo ndio karo ya shule. Serikali iliyojitayarisha ingemletea mkulima miche ya mianzi na ya miti ya kienyeji kwa ajili ya bondeni, na kumpa muda wa kuvuna mikaratusi yake bila hasara. Amri isiyoleta badala yake huishia kwenye karatasi.

Sheria hatukukosa. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka wa 2016, katika kifungu cha 19, inaiagiza kila serikali ya kaunti kuliingiza jambo hili katika mpango wake wa maendeleo, na kuwasilisha ripoti mbele ya bunge la kaunti kila mwisho wa mwaka wa fedha ili ijadiliwe. Kifungu cha 24 kinalinda haki ya umma ya kushirikishwa na kupewa habari. Kifungu cha 23 kinamruhusu raia kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Haki hiyo ina mizizi katika ibara za 42 na 70 za Katiba ya 2010. Tena, chini ya mpango wa FLLoCA ulioanzishwa mwaka wa 2021, kaunti zilitengewa fedha, na kamati zikaundwa katika wadi ili wananchi wenyewe wachague miradi.

Kwa hiyo tunauliza: ni nani wanaoketi katika kamati ya wadi yetu, na walichaguliwa katika mkutano gani? Ni chemchemi ngapi zimehifadhiwa, na kwa shilingi ngapi? Ripoti ya mwaka uliopita ilijadiliwa lini?

Ndugu zetu, maswali haya hayahitaji wakili. Yaandikwe katika barua moja, yasomwe kanisani baada ya ibada, yatiwe sahihi na wote wanaokubali, kisha yapelekwe kwa karani wa bunge la kaunti na nakala iwekwe. Asiyejibu barua ya watu mia tatu atajibu mbele ya hakimu. Sheria isiyodaiwa hulala, na mafuriko hayangoji iamke.