Palpatine hakushinda kwa radi

Kuna ubishi ambao haukosi kuzuka kila wapenzi wa Star Wars wanapokutana. Nani alikuwa mkali zaidi, Palpatine au Yoda? Watu hupanga hoja kama wanavyopanga kikosi cha Simba na Yanga, huyu anarusha radi kwa vidole, yule ananyanyua chombo kizima kutoka kwenye kinamasi bila kukigusa. Mwisho wa yote hujitokeza mmoja na kufunga mjadala: "Jamani, yule mzee alikuwa mchawi, wangemfanya nini?"

Mimi jibu hilo silikubali hata kidogo, na leo nataka nieleze kwa nini.

Kwanza tuwekane sawa, maana si wote tuliokulia kwenye hizi filamu. Nguvu, kama George Lucas alivyoileta kwenye filamu ya kwanza mwaka 1977, ni nishati inayotokana na kila chenye uhai na kuuunganisha ulimwengu wote. Jedi huitumia kwa utulivu. Sith huichota kupitia hofu, hasira na chuki, ndiyo maana ukaitwa upande wa giza. Palpatine ni mwanasiasa mpole wa sayari ya Naboo ambaye kwa siri ni Darth Sidious, bwana wa Sith. Sasa tuzipekue silaha zake moja baada ya nyingine tuone zinafanyaje kazi.

Tuanze na radi, maana ndiyo inayopendwa. Mwaka 2005 kwenye Revenge of the Sith, Mace Windu anakwenda kumkamata. Palpatine anarusha radi, Windu anaikinga kwa upanga wake wa mwanga, radi inamrudia mwenyewe na uso unaharibika. Mzee yuko chini, anaomba huruma. Kinachomwokoa ni Anakin Skywalker, kijana wa Jedi, anayemkata Windu mkono. Baada ya hapo ndipo radi inafanya kazi na Windu anarushwa dirishani. Kwa maneno mengine, ile silaha tunayoiogopa kuliko zote ilihitaji mtu mwingine asafishe njia kwanza.

Ya pili ni uwezo wa kujificha, na hapa ndipo watu wanaposema, "Unaona? Uchawi!" Kwa miaka 13 amekaa kwenye kiti cha Kansela, Jedi wanaingia na kutoka ofisini kwake, na hakuna anayenusa kitu. Ni kweli upande wa giza ulitanda kama ukungu. Lakini hebu tazama tena Attack of the Clones ya mwaka 2002. Windu na Yoda wanajua kabisa kwamba uwezo wao wa kuitumia Nguvu umepungua. Windu anataka Seneti iambiwe. Yoda anakataa, kwa kuhofia kwamba maadui wataongezeka. Kisha wanakuta jeshi la askari wa kloni limeshaandaliwa, lililoagizwa kwa jina la Jedi ambaye ameshakufa, nao wanalipokea na kuliongoza vitani bila kujua hasa nani aliyeliagiza. Askari hao hao ndio waliowageuka kwa Amri ya 66. Ukungu ulikuwa wa Palpatine, sawa, lakini uamuzi wa kunyamaza ulikuwa wa Jedi wenyewe.

Ya tatu ni ahadi ya kushinda kifo. Anakin anaota mke wake Padmé akifa wakati wa kujifungua. Palpatine hamlazimishi kitu. Anamkalisha kwenye ukumbi wa maonyesho na kumsimulia habari za Darth Plagueis, Sith aliyeweza kuwazuia wapendwa wake wasife. Kijana akishapiga magoti ndipo anaambiwa kwamba siri hiyo bado haijajulikana, wataitafuta pamoja! Yaani aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe lilikuwa tupu. Nguvu iliyomgeuza mtu mwenye kipaji kikubwa kuliko wenzake wote ilikuwa hadithi tu, iliyosimuliwa kwa mtu mwenye hofu ambaye hakuwa na wa kumweleza hofu yake.

Ukizitazama zote tatu utaona zinafanana. Nguvu za Palpatine hazivunji mlango, zinaingia pale ulipofunguliwa. Humkopa mtu hofu yake, kiburi chake au chuki yake, halafu humtawala kwa mkopo huo huo. Mahali ambapo hakuna cha kukopa hukwama. Mwaka 1983 kwenye Return of the Jedi alikuwa ameona kila kitu: Luke atakuja, waasi watashambulia, mtego uko tayari. Ambacho hakukiona ni baba kumhurumia mwanawe. Vader alimnyanyua na kumtupa shimoni akiwa bado anarusha radi. Dakika chache baadaye Lando Calrissian alikilipua kile kituo kikubwa cha kivita, akiwa na rubani mwenza Nien Nunb, ambaye sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi wa Kenya, Kipsang Rotich, na ndani yake mna maneno ya Kikuyu. Wadau wa Afrika Mashariki, nasi tulikuwemo siku ile!

Ndiyo maana The Rise of Skywalker ya mwaka 2019 iliniudhi. Mwanzoni inakumbuka kanuni: Palpatine aliyerudi kutoka kwa wafu anamtaka Rey amuue kwa chuki ili roho yake imwingie. Bila chuki ya Rey, mpango hauendi. Safi kabisa. Halafu ghafla tunaonyeshwa radi inayopanda angani na kuzima vyombo vya kundi zima la waasi. Hapo Palpatine amegeuzwa bomu tu, na bomu halina la kutufundisha. Afadhali filamu ilijirekebisha mwishoni, akafa kwa radi yake mwenyewe iliyorudishwa na Rey kwa panga mbili.

Lakini kinachonikera zaidi katika hoja ya "alikuwa mchawi" si mambo ya filamu. Ni namna inavyowasafisha watu wengine. Hesabu hatua zake za kupanda madaraka. Mwaka 1999 kwenye The Phantom Menace, Malkia Amidala ndiye aliyesimama kuomba kura ya kutokuwa na imani na Kansela Valorum, na kiti kikabaki wazi. Kwenye filamu ya 2002, Jar Jar Binks, yule yule tuliyekuwa tunamcheka, ndiye aliyetoa hoja Kansela apewe mamlaka ya dharura. Kwenye ile ya 2005, Jamhuri ilitangazwa kuwa Dola na maseneta wakapiga makofi. Katika hatua hizo tatu hakuna radi hata moja. Kuna hoja, kura na makofi. Lucas mwenyewe amewahi kueleza kwamba alipoianza hadithi hii alikuwa akiifikiria Marekani ya Rais Nixon na vita vya Vietnam, na kwamba kilichomsumbua ni jinsi demokrasia inavyojikabidhi yenyewe kwa mtu mmoja. Nixon hakuwa na radi vidoleni.

Sisi tunaoandika habari tuna tabia moja mbaya. Mtu akishika madaraka makubwa tunaandika kuhusu mvuto wake, ujanja wake na bahati yake, na mitaani wanaongeza kwamba ana mganga wake. Wachache tunarudi kwenye kumbukumbu za vikao kutazama nani alitoa hoja, nani aliunga mkono, nani alijua akanyamaza. Ukishamwita mtu mchawi umemaliza kazi, maana mchawi hapigiwi kura. Wale mia waliosimama na kupiga makofi wanarudi nyumbani wakiwa wahanga kama wengine.

Kwa hiyo safari nyingine ubishi ukizuka kuhusu nani mwenye Nguvu zaidi, mimi nitauliza swali langu moja tu: katika ule ukumbi wa Seneti, wewe ungekuwa umeketi au umesimama unapiga makofi?

Jibu usilitoe haraka.