Mikono imenawa, simu je?

Mhariri,

Mwaka 2020, korona ilipoingia, abiria wa feri ya Likoni walinawa mikono kabla ya kuvuka. Simu zao hazikunawa. Zilivuka nao mfukoni hadi kisiwani, na jioni zikarudi na kila kilichozigusa.

Mwaka 2011, watafiti wa London walipima simu katika miji 12 ya Uingereza na kukuta takriban moja kati ya sita ina E. coli, vijidudu vya kinyesi. Na huko mifereji haikauki kama Kisauni!

Noti nazo ni vivyo hivyo: makanga wa matatu ya Changamwe hulowesha kidole kwa mate ndipo ahesabu noti. Noti ile huishia kwa muuza viazi karai, anayeipokea kwa mkono uleule unaopakua viazi. Mwenye leso huifunga noti pindoni, kisha pindo hilohilo likampangusa mtoto kamasi. Hata aliyehamia M-Pesa hajaokoka: ameacha noti, ameshika simu.

Kuisafisha si kazi. Huzimwa, ikapanguswa kwa kitambaa laini kilichotiwa spiriti kidogo ya asilimia 70, isimwagiwe. Kava livuliwe lioshwe kwa sabuni, kwani nyuma yake ndiko uchafu unakojificha. Leso ifuliwe, ianikwe juani. Noti haifuliki, kwa hiyo ni mikono inayooshwa kabla ya kugusa chakula.

Wenye vibanda nao wangeweka mmoja wa kupokea pesa, mwingine wa kupakua. Vipo vibanda Likoni vinavyofanya hivyo, na foleni zake hazijapungua.

Msomaji,
Likoni, Mombasa