Mzee wa Mikinduri na Ngoma ya Bale

Mkulima mmoja wa kahawa wa Mikinduri, katika nchi ya Meru, aliitwa Nairobi na binti yake mwezi wa Desemba, 1916 isiyokuwa ya vita bali 2016 ya amani, ili amtazame mjukuu wake wa miaka tisa akicheza kama panya katika ngoma iitwayo The Nutcracker. Mchezo huo ulionyeshwa katika Jumba la Michezo la Taifa, lililofunguliwa mwaka wa 1952. Mzee alikwenda akiwa na neno moyoni. Binti yake alikuwa amemwomba msaada wa karo ya mafunzo hayo, naye hakuona kwa nini fedha za kahawa zitumike kumfundisha mtoto kuruka, jambo ambalo mbuzi hulijua bila mwalimu.

Ngoma ya bale ilizaliwa katika majumba ya wakuu wa Italia, ikalelewa Ufaransa, ambako Mfalme Louis wa Kumi na Nne aliianzishia chuo cha ngoma mwaka wa 1661. The Nutcracker ni ya Warusi. Ilichezwa mara ya kwanza mwaka wa 1892, na muziki wake ni wa Tchaikovsky. Hadithi yake ni ya binti apewaye kinyago cha kuvunjia kokwa mkesha wa Krismasi, na usiku kinyago kikapigana na mfalme wa panya. Mtu aliyelelewa kwa visa vya fisi na sungura hawezi kushangaa hapo.

Kilichomshangaza mzee ni miguu. Mchezaji wa bale huigeuza nje tangu nyongani, na wanawake husimama juu ya ncha za vidole, ndani ya viatu vilivyokazwa mbele kwa matabaka ya nguo na gundi. Akiruka hutua kimya, kana kwamba ardhi ina moto, kwa maana kazi yake kubwa ni kuficha uzito. Mzee alisema kwamba ameona watu wanaoikimbia ardhi. Kwao mchezaji hukunja magoti akakita unyayo hata vumbi likasimama, na wapiga ngoma wa Chuka huibana ngoma ndefu baina ya mapaja, uzito wote ukielekea chini. Tena watazamaji wa Nairobi walikaa gizani bila kuitikia. Mikinduri, asiyeitikia ngoma ama ni mgonjwa, ama ana ugomvi na wenyeji.

Lakini alitokea kijana Joel Kioko, wa miaka 16, aliyekulia katika mabanda ya Kuwinda. Somo lake la kwanza la bale alilipata katika darasa la shule ya serikali, madawati yakiwa yametolewa nje, pasipo kioo wala mti wa kushikia. Wakati huo alikuwa akijifunza Marekani, naye alirudi nyumbani kwa Krismasi. Mzee alipomwona akiruka aliacha kunung'unika, kwa kuwa mkulima huitambua kazi kwa mgongo wa aifanyaye. Karo ya muhula mmoja ilipatikana, na mihula mingine ikaifuata kwa shida.

Shule zilipofungwa mwaka wa 2020 kwa ajili ya korona, mjukuu aliletwa Mikinduri, akawa akijizoeza kila asubuhi huku ameshika boriti ya zizi. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge, na bibi yake alivipaka mafuta bila kusema neno. Ndipo mtoto alipomwonyesha babu, katika simu, filamu iliyotolewa mwaka huo: wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika, miguu mitupu, katika mchanga wa pwani ya Senegal. Ngoma hiyo ilitungwa na Pina Bausch wa Ujerumani mwaka wa 1975, kwa muziki wa Stravinsky uleule uliowafanya watu wa Paris wapige kelele ukumbini mwaka wa 1913.

Hapo mzee aliona magoti yaliyokunjwa na nyayo zinazokita. Uzito haukufichwa, wala jasho, wala kuhema. Alifurahi mpaka alipofahamu kisa chenyewe, kwamba msichana mmoja huchaguliwa acheze hata afe, ili majira mapya yaje. Hilo alilikataa kabisa. Kwao mvua iliombwa kwa kondoo.

Mzee huyo alibatizwa akiwa kijana, na katika kanisa lake mkristo aliyeonekana ngomani alitengwa. Ni ajabu kidogo kwamba katazo hilo lililetwa na watu kutoka Ulaya, ambako wafalme walizijengea ngoma vyuo. Kwa sababu hiyo hakuwa amecheza kwa zaidi ya miaka hamsini. Mjukuu alipomwuliza jinsi wazee walivyokita mguu, alijibu kwanza kwamba amesahau. Kisha aliweka bakora yake ukutani, akavua viatu.